Anayeipenda Kazi Yake Ndiye wa Kudai Zaidi

Anayetafuta njia ya kujikimu hupewa nasaha mbili zinazovutana. Ya kwanza inasema fuata moyo, pesa zitakuja zenyewe. Ya pili inasema moyo haulipi pango. Tafuta kazi yenye mshahara mzuri, hayo unayoyapenda yasubiri jioni. Wanaozitoa wana nia njema, na kila upande una hoja zake. Lakini zote mbili hazisemi lolote kuhusu jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: mapenzi ya kazi humshushia mtu bei asipojihadhari.

Juni 2005 Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Apple, aliwaambia wahitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford kwamba njia pekee ya kufanya kazi kubwa ni kuipenda, na ambaye bado hajaipata aendelee kutafuta. Maneno hayo yameenea duniani, na si bure. Anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, kwa miaka 40, huacha saa 80,000 za uhai wake kazini. Kumwambia azivumilie zote kwa ajili ya mwisho wa mwezi ni kumtaka aishi kwa masazo ya siku.

Kasoro ya nasaha hii ni kudhani kwamba kila mtu tayari ana penzi moja lililofichika ndani yake, linalosubiri kugunduliwa. Mwaka 2018 wanasaikolojia Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walionyesha kwamba wenye imani hiyo hupoteza hamu haraka pindi jambo lililowavutia linapokuwa gumu, kuliko wanaoamini kwamba hamu hukuzwa. Na kazi yoyote yenye maana huwa ngumu mahali fulani. Wengi huanza kuifurahia kazi pale wanapoanza kuiweza, na kuiweza kunachukua miaka.

Upande wa pili una wahenga wake: kazi mbaya si mchezo mwema. Una takwimu pia. Mwaka 2010 watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton, wakichambua majibu ya Wamarekani wengi, walisema furaha ya kila siku huacha kupanda kipato kikifika kama dola 75,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 mtafiti mwingine, Matthew Killingsworth, hakukiona kikomo hicho. Kahneman na Killingsworth wakakubali kuzichambua data upya pamoja, msuluhishi akiwa Barbara Mellers, na mwaka 2023 wakaeleza kuwa kwa walio wengi furaha huendelea kupanda pamoja na kipato. Kikomo kilionekana kwa wale wachache wenye huzuni zaidi. Kwa hiyo anayetafuta mshahara asionekane mtu mwenye roho ndogo. Asiyejua atalipaje pango la mwezi ujao hawezi kuifurahia hata kazi aliyoiota tangu utotoni.

Hapo wengi huishia kusema tuchukue cha kati. Mimi nadhani tatizo lipo kwingine, kwa mwenye bahati ya kuipata kazi anayoipenda. Tangu 1776 mwanauchumi Adam Smith alieleza kwamba ujira hutofautiana kulingana na ugumu na uchafu wa kazi, na heshima inayotokana nayo. Kazi inayopendwa huvutia wengi, na mlango ukiwa na foleni mwenye mlango hana haja ya kuongeza mshahara. Hilo ni soko tu, halina hila.

Hila huingia pale mapenzi yenyewe yanapotumiwa kama hoja. Mwaka 2009 Stuart Bunderson na Jeffery Thompson walichapisha utafiti kuhusu watunzaji wa wanyama katika bustani za wanyama. Wengi wao walikuwa wamesoma hadi chuo kikuu na walilipwa kidogo, ila waliiona kazi yao kama wajibu waliozaliwa nao. Wito huo uliwapa maana na fahari. Uliwafanya pia wawe tayari kujinyima pesa na muda, na kuwa na wasiwasi kwamba viongozi wangewanyonya. Mwaka 2020 Jae Yun Kim na wenzake wakaonyesha upande wa watazamaji: watu huona ni halali zaidi kumpa kazi za ziada bila malipo, au zisizo zake, mfanyakazi anayeipenda kazi yake kuliko asiyeipenda. Yaani jirani, mteja, hata mwenzake wa ofisini, humwona mtu huyo kana kwamba ameshalipwa.

Ni nani asiyewahi kusikia kwamba ualimu ni wito, uuguzi ni wito? Ni kweli, na wengi wanaozifanya kazi hizo wangesema hivyo bila kuulizwa. Lakini sikiliza kauli hiyo hutolewa lini. Mara nyingi sana hutolewa pale mshahara unapodaiwa.

Kuna wanaosema maana haimo katika aina ya kazi, bali katika jicho la anayeifanya. Amy Wrzesniewski na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti ambamo wahudumu 24 wa ofisi za chuo, wenye kazi ya namna moja, waligawanyika karibu sawa: wengine waliiona kama riziki tu, wengine kama ngazi ya kupanda, wengine kama wito. Naliamini hilo, na linafariji. Ila halifai kuwa jibu la mwajiri kwa mtu aliyekuja kuomba nyongeza.

Njia nyingine ni kuzitenganisha: kazi ya mkate hapa, ya moyo pale. Shaaban Robert aliandika akiwa karani wa serikali ya kikoloni. Albert Einstein alikagua maombi ya hataza, yaani haki za uvumbuzi, mjini Bern kuanzia 1902, na 1905 akachapisha makala zilizobadili fizikia. Mwandishi Franz Kafka, kwa upande wake, aliacha kampuni ya bima iliyomweka kazini hadi jioni, na mwaka 1908 akaingia taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi, ambako siku iliisha saa nane mchana. Hata hivyo aliendelea kulalamika kwamba ofisi inamla. Kwa hiyo anayeichagua njia hii asiulize mshahara peke yake. Aulize kazi inaisha saa ngapi, na inamwachia nguvu kiasi gani.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu, kwamba kubishania malipo huua mapenzi. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waligundua kuwa watoto waliopenda kuchora, wakiahidiwa zawadi kwa kuchora, baadaye walichora kidogo kuliko wenzao. Lakini waliopewa zawadi bila kuahidiwa hawakupoteza hamu, na hakuna mtoto pale aliyetegemea kuchora ili ale. Mshahara wa mtu mzima si zawadi ya kumvutia afanye anachokipenda. Ndio unaomwezesha kuendelea kukifanya bila kukimbilia kwingine baada ya miaka mitatu, amechoka na ana madeni. Kwa hiyo saa za kazi, malipo ya muda wa ziada na majukumu yasiyo yako, yote yatajwe kabla ya kusaini mkataba, wakati mwajiri anakuhitaji na wewe bado unaweza kukataa.