Mnara upi urudi Forodhani?

Mara ya mwisho nilipokaa Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Unguja, wakati wa magharibi, vijana wakijirusha baharini na moshi wa mishikaki ukianza kutanda, niligeuka nyuma nikaona pengo. Hapo ndipo uliposimama mnara wa saa wa Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani wa Zanzibar, hadi Disemba 25, 2020, ulipoporomoka pamoja na sehemu ya mbele ya jumba. Watu wawili walifariki.

Kila tukilizungumza jumba hilo, wengi wetu husema lirudi kama lilivyokuwa. Lilivyokuwa lini? Sultani Seyyid Barghash alipolijenga mwaka 1883 halikuwa na mnara. Enzi zile mnara ulisimama peke yake mbele yake, upande wa bahari, na ulikuwa wa taa. Kisha ikaja asubuhi ya Agosti 27, 1896. Seyyid Khalid alikuwa amejitangaza sultani bila ridhaa ya Waingereza, manowari zao zikalipiga mizinga kasri kwa muda usiofika saa nzima. Beit al-Hukm, jumba jirani, ikabomoka, na mnara wa taa ukaharibika hadi ikabidi uangushwe. Jumba lilipotengenezwa mwaka 1897, likapachikwa mnara wa saa.

Kwa hiyo anayetaka mnara wa taa urudishwe hasemi upuuzi. Huo ndio uliokuwa wa Barghash. Wa saa umezaliwa na mizinga ya wageni, na kuujenga tena ni kama kuisitiri mizinga hiyo.

Hoja hiyo inanigusa, lakini siifuati. Kwa zaidi ya miaka 120 mtu akitokea Dar es Salaam kwa boti, mnara wa saa ndio uliomwambia amefika Unguja. Hata Mji Mkongwe ulipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ulikuwapo. Na taa ni kazi, si pambo. Ukitaka kuona mnara wa taa ulio hai nenda kisiwa cha Chumbe: umejengwa 1904, unapanda vidato 131, na mpaka leo unawaonyesha njia wanaokuja mjini kutoka kusini. Wa Forodhani ungekuwa sanamu tu.

Saa irudi. Ila mahali pa mnara wa taa paonyeshwe kwa mawe ya rangi nyingine chini, na kibao cha Kiswahili kitaje mizinga waziwazi. Watoto wa skuli huletwa hapa kila mara, na hawaoni cha kuwaambia kwamba mnara mwingine uliwahi kuwapo.