Tuache Kuziba Mabanda ya Kuku Majira ya Theluji

Theluji inapokaribia, mfugaji mwenye kuku wachache nyuma ya nyumba hushikwa na huruma, na huruma hiyo humtuma kufanya mambo mawili: kuziba kila tundu la banda kwa nailoni na matambara, kisha kuning'iniza ndani balbu ya joto. Nia yake ni njema, lakini nashikilia kwamba yote mawili huwadhuru kuku kuliko baridi yenyewe, na kwamba fedha anayotumia kulipasha banda moto ingefaa zaidi itumike kuliweka kavu.

Kuku mzima mwenye manyoya kamili anajimudu vizuri kuliko tunavyomdhania. Joto la mwili wake ni takriban nyuzi 41 za Selsiasi, na usiku hujitutumua hadi manyoya laini ya ndani yashike tabaka la hewa tulivu inayozuia joto lisitoroke. Hata miguu yake iliyo wazi imejaliwa: damu ya moto inayoshuka hupita karibu na damu baridi inayopanda na kuipasha, hivyo joto linalopotea ni kidogo. Akilala juu ya ubao bapa wenye upana wa sentimita 8 hadi 10, hushusha mwili na kufunika vidole kwa manyoya ya tumbo, jambo asiloweza kulifanya sawasawa akiwekewa fito nyembamba. (Kuhusu sweta zinazofumwa kwa ajili ya kuku sitasema mengi: huyabana manyoya yasijitutumue, na zikilowa huwa balaa.)

Kinachovuruga mpango wote huu ni unyevu. Kuku hutoa mvuke kwa pumzi yake usiku kucha, na takriban robo tatu ya kinyesi chake ni maji. Banda likizibwa, mvuke huo hukosa pa kutokea, ukagota kwenye dari baridi, ukawa matone na kuwadondokea kuku migongoni, na manyoya yaliyolowa hayashiki hewa tena. Upanga wa kichwani na ndevu zinazoning'inia chini ya mdomo, kwa kuwa hazina manyoya, huathirika mapema: ncha hupauka, huvimba, na hatimaye huwa nyeusi kwa sababu nyama imeganda ikafa. Mfugaji hulaumu kipimajoto, ilhali jibu liko juu ya kichwa chake. Anayetaka kulijua banda lake vyema aingie alfajiri kabla hajawafungulia kuku, achuchumae mpaka pua yake iwe usawa wa ubao wanaolalia, kisha avute pumzi. Macho yakimwasha kwa amonia, ile gesi kali itokayo kwenye kinyesi, au akiona vichwa vya misumari ya paa vimevikwa sakitu nyeupe, ajue hewa haitoki.

Najua pingamizi linalofuata: je, si upepo wa baridi ndio utakaoingia? Utawapiga kuku iwapo matundu yamewekwa pasipofaa. Yanatakiwa yawe chini ya paa, pande mbili zinazoelekeana, juu kabisa ya vichwa vya kuku waliolala, huku kuta zilizo usawa wa miili yao zikiwa hazipitishi upepo. Hewa yenye mvuke hupanda na kutoka bila kumpuliza kuku hata mmoja. Chini, matandazo manene ya maranda au majani makavu, yakigeuzwa na kuongezwa kila yanapolowa, hunyonya unyevu uliobaki.

Balbu ya joto ina hatari yake yenyewe. Ikianguka juu ya matandazo makavu, au vumbi na manyoya vikikusanyika juu yake, banda linaweza kuwaka moto. Tena umeme ukikatika usiku wa baridi kali, kuku waliozoea joto hupatwa na mabadiliko ya ghafla ambayo wenzao waliozoea baridi polepole tangu mwanzo wa msimu hawayajui. Vifaranga wanahitaji joto, na vilevile kuku mgonjwa au aliyenyonyoka manyoya kwa wingi. Hao watengewe mahali pao.

Mbegu ya kuku nayo ina sehemu yake. Leghorn ana upanga mkubwa uliosimama, hivyo ni rahisi kuumizwa na baridi. Chantecler, aliyeendelezwa huko Quebec, Kanada, mwanzoni mwa karne ya 20 na mtawa Wilfrid Châtelain, alikusudiwa tangu mwanzo kuwa na upanga na ndevu ndogo kwa ajili ya majira ya baridi ya huko.

Kazi halisi ya msimu huu ni maji. Kuku asiyekunywa hupunguza kula, na asipokula hana cha kumtia joto. Theluji anayodonoa haimtoshi. Napendelea mabakuli mawili ya mpira mweusi yanayopokezana: lililoganda hupinduliwa na kukanyagwa hadi bonge la barafu litoke zima, huku la pili likijazwa maji ya uvuguvugu. Usiku maji yasiachwe bandani, kwani yataongeza unyevu uleule tunaoupiga vita. Jioni, punje chache za mahindi juu ya chakula chao cha kawaida huwasaidia, maana usagaji wake tumboni hutoa joto wakiwa wamelala.

Mayai yakipungua, sababu kuu ni ufupi wa mchana, kwa kuwa mtetea huhitaji saa 14 hadi 16 za mwanga ili atage kwa ukamilifu. Mimi huwaacha wapumzike. Anayetaka mayai kwa vyovyote aweke taa ndogo ya kawaida inayojiwasha kabla ya mapambazuko, wala asiiweke jioni, kwa sababu ikizimika ghafla huwaacha kuku sakafuni gizani wasione pa kupanda. Naye aokote mayai mara kadhaa kwa siku, kwani yai likiganda hupasuka.