Sebene haiji, kaa utulie

"Sasa sebene inaingia saa ngapi?" Shemeji yangu huyo, ndani ya gari, kibao cha tatu tu, kidole kishafika kwenye kitufe cha kuruka wimbo. Tulikuwa tunasikiliza Nocturne ya Charlie Haden, mpiga besi wa jazz, albamu ya 2001. Shemeji, haiingii. Ni vibao kumi na kimoja, bolero (nyimbo za mapenzi) za Kuba na Meksiko na tungo chache za wanamuziki wenyewe, vyote vya polepole, mwanzo mpaka mwisho.

Simlaumu sana. Tumelelewa na dansi la vipande viwili: mwimbaji analalamika kwanza, halafu magitaa yanafunguka, ndiyo sebene yenyewe, na watu wanajaa ukumbini. Kile kipande cha kwanza tumekigeuza kituo cha kusubiria basi. Tumesahau kwamba hata kina Franco wa Kongo, miaka ya 1950, walirekodi bolero tupu, na watu walicheza wamekumbatiana bila kudai chochote zaidi.

Halafu kuna hii dhana kwamba polepole ni rahisi. Nani kasema? Kwenye mwendo wa kasi ukichelewa kidogo, kelele inakufichia aibu. Hapa umeachwa wazi. Msikilize Ignacio Berroa, Mkuba aliyewahi kumpigia drams mpiga tarumbeta wa jazz Dizzy Gillespie, kwa hiyo mbio anaziweza. Humu anashika brashi na kusugua ngozi ya ngoma taratibu, mapigo hayalegei hata kidogo, na unaweza kumaliza wimbo mzima hujakumbuka kuwa yupo. Gonzalo Rubalcaba naye ana vidole vya kumtia wazimu mpiga kinanda yeyote. Anafanya nini? Anabonyeza noti moja, anaiacha ife yenyewe, ndipo anatafuta ya pili. Haden alimkuta Havana mwaka 1986 akiwa bado kijana. Na Haden mwenyewe ndiye yule yule aliyepiga besi kwa mpiga saksafoni Ornette Coleman mwaka 1959, wakati New York inagombana kama ule ni muziki au fujo. Watu wa namna hii wakiamua kwenda pole, wameamua.

Haya, nakubali kwa shingo upande: fidla ya Federico Britos Ruiz mahali fulani inazidisha sukari, na ukiiweka albamu hii barabarani baada ya ugali wa mchana, Mungu akusaidie.

Na nyie wenye migahawa mnaoipiga kwa sauti ya chini hadi vijiko vinaishinda, afadhali mzime kabisa.

Mgeni aanze na Noche de Ronda, Pat Metheny akiwa na galatoni, gitaa lisilo la umeme. Albamu ilipata Grammy ya Latin jazz, watu wakasema imebahatisha. Mwaka 2004 Haden na Rubalcaba wakatoa Land of the Sun, ya Kimeksiko, pole vilevile, nayo ikabeba tuzo ile ile. Waliosema bahati watafute neno lingine.