Mboga ya Mama Isiyolika

Mama alipokuja kututembelea Maryland kutoka Lushoto, siku ya pili tu alishuka bustanini, kanga kiunoni, akarudi na konzi ya machipukizi manene, mororo. "Mwanangu, mboga yote hii imejiotea, na nyinyi mnakwenda kununua spinachi dukani?"

Nikamwambia hailiwi, ni sumu. Alinitazama kama vile namfundisha mboga mtu aliyenilea kwa mnavu.

Wala simlaumu. Mnavu wenyewe ukimwonyesha Mmarekani, huenda akakuambia ni sumu, na sisi tunauchemsha, tunauunga kwa karanga, tunasukumia ugali. Mmea aliouchuma Mama una kisa kama hicho hicho. Ni Phytolacca americana, huku wanauita pokwidi, gugu la asili la mashariki ya Marekani. Watu wa majimbo ya kusini wamekula machipukizi yake vizazi na vizazi, wakiyachemsha na kumwaga maji mara mbili tatu. Mimi sithubutu. Mzizi ndio mbaya zaidi, na una unene wa muhogo. Bora Mama hakuchimba.

Aibu yangu ni kwamba huu wa kwangu niliununua. Ule wa kijani unaota bure kwenye kila uzio, na jirani yangu hupigana nao kila kiangazi. Mimi nikaenda kutoa dola kitaluni kwa aina iitwayo 'Silberstein', eti kwa kuwa majani yake yana madoadoa meupe, kama mtu aliyapitia karibu akikung'uta brashi ya chokaa. Jirani alicheka mpaka akakaa chini.

Acheke. Ifikapo Agosti mashina yamekolea rangi ya waridi, vichala vinaning'inia vikigeuka kutoka kijani hadi zambarau inayokaribia weusi, na nyuma yake majani yale meupe-meupe yanaangaza pembe ya bustani ambayo zamani ilikuwa kiza tu. Nimeuweka penye kivuli cha mchana, maana jua kali huunguza ule weupe. Baridi ikiingia, wote unanyauka hadi chini. Majira ya kuchipua unaibuka tena kutoka mzizini bila kubembelezwa.

Ninachogombana nacho ni kuuita mmea huu "pambo". Kibandiko cha kitalu kilitaja kimo, kivuli na maji. Kuhusu sumu, kimya. Madoadoa hayajaondoa chochote: jani, shina, mzizi, tunda, vyote ni vile vile vya gugu la uzioni. Na matunda yale, kwa mtoto wa miaka mitatu, ni zabibu. Wangu wameshakuwa wakubwa. Wangekuwa bado wadogo nisingeupanda, hata ningepewa bure. Kuukata nakata kwa glovu.

Ndege ndio hawana habari. Wanakula matunda bila kudhurika, kisha wanakwenda kuziacha mbegu chini ya waya za umeme na kando ya uzio, ukiwemo wa jirani (hapo hacheki). Miche mingine inatoka na madoa, mingine kijani kitupu. Ya kijani ing'oe upesi kabla mzizi haujashuka, kwa sababu jani lisilo na weupe linajitengenezea chakula kingi zaidi, na litaizidi nguvu ile uliyoilipia.

Mama alinuna siku mbili. Kilichomlainisha ni habari ya endodi, ndugu wa mmea huu anayeota kwetu Afrika. Waethiopia hufulia nguo kwa matunda yake, na mwaka 1964 mwanasayansi wao Aklilu Lemma aliona konokono wanaobeba kichocho wamekufa mtoni pale wanawake walipokuwa wakifua.

"Kumbe sabuni," akasema. "Ungesema mapema."

Siku ya kuondoka akaniomba mbegu akapande Lushoto. Nilimpa za nyanya.