Florida State: usajili uliojenga ndio uliobomoa

Msimu wa 2023 Florida State ilicheza mechi 13 bila kupoteza na kutwaa ubingwa wa ligi ya ACC. Msimu wa 2024 timu hiyohiyo ya futiboli ya Kimarekani, ya chuo kikuu kilichoko mji wa Tallahassee, ikashinda mbili tu na kupoteza 10. Ilikuwa haijapigwa hivyo tangu 1974, kabla kocha Bobby Bowden hajafika kuifanya kigogo.

Wanaomtetea kocha Mike Norvell wana hoja, tena si nyepesi. Kwotabeki wake (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira), Jordan Travis, alivunjika mguu Novemba 2023, na kamati inayochagua timu nne za kuwania ubingwa wa taifa ikaitosa licha ya rekodi safi. Vijana wakavunjika moyo. Wengi wakajiondoa kwenye mechi ya 14, ya kufunga msimu, kulinda miili yao kwa ajili ya NFL, ligi ya kulipwa, na waliobaki wakachapwa na Georgia 63-3. Aprili iliyofuata wachezaji 10 wakachukuliwa na klabu za NFL. Kocha gani anaziba pengo la watu 10 kwa miezi minne?

Hapo ndipo ninapoachana nao. Nyota wa 2023 walihamia kutoka vyuo vingine: Jared Verse alitoka Albany, Keon Coleman alitoka Michigan State, na Trey Benson Oregon. Kikosi kile kilikuwa cha kuokoteza, ila kiliokotezwa na mtu mwenye jicho. Dirisha la uhamisho ndilo lililompa Norvell jina, kwa hiyo haliwezi kugeuka kisingizio mwaka ambao jicho lilimdanganya. Safari hii, 2024, alimleta kwotabeki DJ Uiagalelei, aliyekwisha kupita vyuo vya Clemson na Oregon State. Ni kweli aliumia mkono dhidi ya SMU, lakini timu ilishapoteza mechi tatu kati ya nne kabla ya siku hiyo.

Tena tatizo halikuwa Uiagalelei peke yake. Rudi Dublin, 24 Agosti, mechi ya kwanza, Florida State ikiwa imepangwa ya 10 nchini Marekani. Matokeo ni 21-21 na mpira wanao Georgia Tech. Hawana haraka. Wanakimbia nao, yadi nne hapa, tano pale, saa inaliwa, na walinzi wa Florida State wanarudishwa nyuma kama watu wanaosukuma lori mlimani. Sekunde zinakwisha, Aidan Birr wa Georgia Tech anapiga shuti la yadi 44 katikati ya milingoti, pointi tatu: 24-21. Kilichoonekana pale ni ulaini, na ulaini hausajiliwi, unafundishwa.

Baada ya hapo ni msiba juu ya msiba. Boston College 28-13, Memphis 20-12, zote nyumbani. Duke, ambao hawakuwahi kuifunga Florida State hata mara moja, nao wakajipatia. Notre Dame wakashindilia 52-3, na kesho yake wasaidizi watatu wa Norvell wakafungashiwa virago.

Kwa nini si yeye? Januari 2024 kocha Nick Saban alistaafu Alabama, jina la Norvell likatajwatajwa kumrithi, na viongozi wa Florida State kwa hofu wakampa mkataba hadi 2031, zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Kumfukuza kungegharimu zaidi ya milioni 60. Yeye akakubali kurudisha milioni 4.5 za mshahara wa 2025. Uungwana, sikatai, lakini unafanana na konda anayekupa chenji baada ya basi kukufia porini.

Dawa aliyoitafuta ilikuwa ileile: usajili. Alimchukua Tommy Castellanos, kwotabeki aliyekuwa na Boston College siku ile ya 28-13. Agosti 2025 wakaifunga Alabama 31-17 na Tallahassee ikalipuka kwa shangwe. Msimu uliisha wakiwa wameshinda tano, wamepoteza saba.