Warohingya warudi Rakhine, sawa. Lakini wanarudi kwa nani?

Kuna jambo moja ambalo kila upande katika suala la Warohingya, Waislamu wa jimbo la Rakhine, magharibi mwa Myanmar, waliofukuzwa wakakimbilia Bangladesh, unadai kuliafiki: warudi kwao. Serikali ya Bangladesh inasema hivyo, majenerali wa Myanmar wanasema hivyo, China imejitwika usuluhishi kwa ajili ya hilo, Umoja wa Mataifa unaongeza "kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima", na wakimbizi wenyewe ukiwauliza, wengi watakwambia hawataki kuzeekea kambini. Makubaliano ya kuwarejesha yalitiwa saini Novemba 2017, watu wakiwa bado wanavuka mto Naf, ulio mpakani mwa nchi hizo mbili. Agosti 22, 2019 mabasi yalipelekwa kambini Teknaf kuwachukua wa kwanza kati ya watu 3,450 hivi ambao majina yao yalikwishapitishwa. Hakupanda hata mmoja. Jaribio la Novemba 2018 nalo lilikwama vivyo hivyo: baadhi ya waliotajwa kwenye orodha walikimbia vibanda vyao wasije wakapakiwa kwa nguvu.

Aprili 2025 zikaja habari nyingine: Myanmar imethibitisha kwamba watu 180,000, kutoka orodha ya 800,000 iliyopewa na Dhaka, yaani serikali ya Bangladesh, wanastahili kurudi. Wengi walishangilia. Mimi nilijiuliza swali dogo tu. Maungdaw, wilaya ambayo wengi wa watu hao walitoka, ilikuwa imeshatekwa tangu Desemba 2024 na Jeshi la Arakan (jina la zamani la Rakhine), kundi la waasi wa kabila la Warakhine. Serikali iliyotoa idhini haikuwa na hata askari mmoja wa kumfungulia mtu geti upande wa pili wa mto.

Historia nayo haitii moyo. Mwaka 1978 jeshi la Burma, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, liliendesha msako wa vitambulisho uliopewa jina la Nagamin, na Warohingya zaidi ya 200,000 wakakimbilia Bangladesh. Haikuchukua muda serikali mbili zikakubaliana warudishwe. Wakimbizi wakakataa. Mgao wa chakula ukabanwa, na hadi zoezi linaisha watu wapatao 10,000 walikuwa wamefia kambini, wengi wao watoto. Waliosalia wakarudi. Miaka michache tu baadaye, 1982, ikatungwa sheria ya uraia iliyowaacha nje. Mwaka 1991 na 1992 wakafukuzwa wengine kama 250,000. Nao wengi wakarudishwa, safari hii Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likiwa ndani ya zoezi. Kisha zikaja ghasia za 2012, msako wa 2016, na Agosti 2017 wimbi la zaidi ya watu 700,000. Kurejeshwa kumeshafanyika mara mbili, tena kwa ufanisi mkubwa. Ufanisi huo haukumaliza kitu, kwa sababu watu walirudishiwa ardhi (wengine hata hiyo hawakuipata) bila kurudishiwa hadhi ya uraia.

Sheria hiyo ya 1982 inahesabu kuwa wenyeji wale ambao makabila yao yalikuwapo nchini kabla ya 1823, yaani kabla ya vita vilivyowapa Waingereza eneo la Arakan mwaka 1826. Orodha rasmi ina makabila 135. Warohingya hawamo, wanaitwa Wabengali. Msomaji aliyekulia Kivu ataitambua mbinu hii bila kuelezwa. Zaire ilitunga sheria yake mwaka 1981 ikiweka mpaka kuwa Agosti 1, 1885, na Wakongo wanaozungumza Kinyarwanda, Wanyamulenge wakiwamo, wakajikuta wanadaiwa ushahidi wa babu wa babu. Mkulima gani wa mpunga, au mfugaji gani, ana karatasi ya enzi hizo? Anayeichagua tarehe ndiye anayejua nani ataangushwa nayo.

Hata hivyo upande wa Warakhine, Wabudha wa jimbo hilo, hauwezi kufutwa kwa kuuita chuki tupu, na wanaharakati wengi wa nje hukosea hapa. Warakhine walikuwa na ufalme wao, makao yake Mrauk-U, uliodumu tangu 1430 hadi Waburma walipouvamia mwaka 1784. Kisha akaja Mwingereza, akafungua mashamba ya mpunga, na vibarua wengi wakaingia kutoka Chittagong, ng'ambo ya mpaka, Bangladesh ya leo. Hilo ni kweli, na anayelikana anampa hoja mpinzani wake bure. Mwaka 1942, Wajapani walipoingia na Waingereza wakirudi nyuma, jamii hizi mbili zilichinjana. Waislamu wakakimbilia kaskazini, Wabudha kusini, na kila upande hadi leo unasimulia vifo vya kwake tu. Baada ya uhuru baadhi ya Waislamu wa kaskazini walishika silaha, wengine wakitaka kujiunga na Pakistani. Isitoshe, Rakhine ni miongoni mwa majimbo fukara kabisa ya Myanmar, ilhali bomba la gesi linaanzia pwani yake, Kyaukphyu, kwenda China. Mtu wa jamii iliyonyang'anywa ufalme, kisha gesi, akiambiwa kwamba dunia nzima inamlilia jirani yake peke yake, hasira yake haina ugumu wa kueleweka.

Lakini kuielewa hasira si kukubali hitimisho lake. Mwaka 1799, miongo kadhaa kabla ya mashamba ya Mwingereza, daktari Francis Buchanan aliandika kwamba Waislamu waliokaa Arakan kwa muda mrefu wanajiita "Rooinga". Waliokuja baadaye walichanganyika na waliokuwapo, kama watu wanavyochanganyika popote penye mpaka na mto. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru watu hawa walipiga kura, walikuwa na wabunge, na redio ya taifa iliwatangazia kwa lugha yao. Tuseme basi, kwa ajili ya hoja tu, kwamba wote waliingia na Mwingereza. Hayo yangekuwa makazi ya karne nzima na zaidi. Hakuna hesabu ya uhamiaji inayotoa jibu la kuchoma kijiji.

Na uonevu wenyewe ulianza muda mrefu kabla ya moto. Kaskazini mwa Rakhine mwanamume alihitaji kibali cha kuoa. Alihitaji kibali kingine kwenda wilaya ya jirani, hata kama anayempeleka ni mgonjwa. Maofisa walikuja na daftari la kaya, wakaipanga familia nzima mbele ya kamera na kumhesabu mmoja mmoja. Mtoto ambaye jina lake halimo alifichwa, na aliyekuwa safarini siku hiyo angeweza kufutwa. Maungdaw na Buthidaung zilikuwa na amri ya watoto wawili kwa Warohingya peke yao. Sensa ya 2014 ilikataa kuwaandika kwa jina lao. Mwaka 2015 kadi nyeupe za muda, ambazo ndizo ziliwapa kura, zikafutwa.

Agosti 25, 2017 wapiganaji wa ARSA, kundi la Kirohingya lenye silaha, walishambulia vituo vya polisi vipatavyo 30 na kuwaua askari 12 hivi. Wapiganaji hao hao wanatuhumiwa, kwa uchunguzi wa Amnesty International, kuwaua makumi ya wanakijiji Wahindu siku hiyo, na anayewatetea Warohingya hana sababu ya kuliruka hilo. Ila kilichofuata hakikuwa msako wa wapiganaji. Madaktari Wasio na Mipaka walikadiria kuwa angalau Warohingya 6,700 waliuawa katika mwezi wa kwanza, 730 kati yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kuna picha za kijiji cha Inn Din: wanaume kumi wamepiga magoti kwenye nyasi, bunduki nyuma yao, katika nyingine wako ndani ya shimo moja. Waandishi wawili wa Reuters waliochunguza mauaji hayo, Wa Lone na Kyaw Soe Oo, walikaa gerezani zaidi ya siku 500. Wanajeshi saba waliohukumiwa miaka kumi kwa mauaji yenyewe waliachiwa hata mwaka haujatimia.

Sasa tuje kwa Bangladesh, kwa sababu ndiko mzigo uliko. Kambi 33 za Ukhia na Teknaf zina zaidi ya watu milioni moja, na tangu mapigano ya Rakhine yapambe moto mwishoni mwa 2023 wameongezeka wengine kama 150,000. Wenyeji wa wilaya hizo mbili wamezidiwa idadi. Maelfu ya ekari za msitu yamekatwa, ujira wa kibarua umeshuka, vidonge vya yaba, dawa ya kulevya, vinapita mpakani, na makundi yenye silaha yanagombea vichochoro vya kambi usiku. Septemba 2021 yalimuua Mohib Ullah, kiongozi aliyekuwa amefika hadi Ikulu ya Marekani kudai kurudi kwa haki. Dhaka inasema haikufanya kosa hili, haijasaini mkataba wa wakimbizi wa 1951, na imebeba vya kutosha. Ni kweli tupu.

Sisi Watanzania tuwe na adabu tunapoisema Bangladesh. Desemba 1996 tuliwaamuru wakimbizi wa Rwanda waondoke kabla mwaka haujaisha, na karibu nusu milioni wakasukumwa mpakani. Kambi za Kigoma nazo mtu hatoki bila kibali, na soko limewahi kufungwa. Lakini ni sisi pia tuliowapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 waliokuja tangu 1972 na kukaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakilima na kulipa kodi. Nchi moja, njia mbili. Iliyotuletea walipa kodi inajulikana.

Dhaka inaogopa njia hiyo ya pili kwa sababu moja yenye uzito: ukimpa Mrohingya kazi na shule, umemwambia Jenerali Min Aung Hlaing, aliyeliongoza jeshi la Myanmar mwaka 2017, kwamba kufukuza watu kunalipa. Kwa hiyo kibanda kiwe cha mianzi na turubai, kisijengwe kikaonekana cha kudumu. Kazi rasmi marufuku. Uzio wa seng'enge ukazungushwa, na moto ulipozuka Machi 2021 wapo waliokwama kwenye uzio huo. Mgao wa chakula ulikuwa takriban dola 12 kwa mtu kwa mwezi. Mwaka 2023 ulishushwa hadi 8, wafadhili walipochoka. Dola 8 kwa mwezi ni senti 27 kwa siku. Atafutaye cha kuongezea na kazi hairuhusiwi, atakipata kwa msafirishaji wa magendo, kwa kundi lenye silaha, au kwenye mashua ya kwenda Malaysia na Indonesia. Hoja ya Dhaka ingekuwa na nguvu kama shida ya kambini ingewahi kuwafanya majenerali wabadili msimamo. Mwaka 1978 njaa iliwarudisha wakimbizi kweli, na majenerali hawakubadilika.

Upande wa pili una udhaifu wake. Wanaosema asirudi mtu mpaka apewe uraia kamili wanasema haki, lakini wanaongea kana kwamba muda hauna mwenyewe. Vijiji vilivyoteketezwa vilisawazishwa kwa tingatinga, na juu ya baadhi yake zikajengwa kambi za jeshi. Kila mwaka unaopita Maungdaw inazidi kuwa mji usiomkumbuka mwenye shamba. Mtoto aliyezaliwa njiani mwaka 2017 anakaribia kuwa kijana na hana cheti cha nchi yoyote. Kungoja nako kunamfaidia aliyefukuza.

Na aliyeshika mlango amebadilika. Jeshi la Arakan linaongoza karibu jimbo lote, isipokuwa Sittwe, mji mkuu wa jimbo, Kyaukphyu na kisiwa cha Manaung. Linajinadi kuwa litawatawala wote kwa usawa. Wakati huo huo mashirika ya haki za binadamu yanalituhumu kuchoma Buthidaung Mei 2024 na kuhusika na mashambulizi ya droni ya Agosti 5, 2024 yaliyoua watu wengi, yakitajwa makadirio ya mamia, waliokuwa wakingoja kuvuka Naf, lenyewe linakanusha. Jeshi la serikali nalo lilianza mwaka huo kuwakamata vijana wa Kirohingya na kuwapeleka mstari wa mbele kupigana na Warakhine: watu waliokataliwa uraia wanatozwa deni la raia! Makundi ya Kirohingya kama ARSA yakaingia upande wa jeshi lile lile lililowachinja watu wao. Wananchi wa kawaida ndio watakaolipia ushirika huo kwa jirani zao.

Mahakamani kumepigwa hatua. Gambia iliishtaki Myanmar katika Mahakama ya Haki ya Kimataifa Novemba 2019, kesi iliyosukumwa na waziri wake wa sheria Abubacarr Tambadou, aliyewahi kufanya kazi katika mahakama ya Rwanda pale Arusha na kusikia masimulizi aliyoyazoea kambini Cox's Bazar, mkoa wa Bangladesh zilimo kambi hizo. Januari 2020 mahakama iliiamuru Myanmar iwalinde waliobaki. Novemba 2024 mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai aliomba hati ya kumkamata Min Aung Hlaing. Yote yana maana, na hakuna kati yake linaloweza kumpa mtu kibali cha kupita Buthidaung.

Kwa hiyo naona Dhaka haina budi kuzungumza na Jeshi la Arakan, hata kama si serikali na hata kama wanajeshi na wanasiasa wake walikasirika mwaka 2025 wazo la njia ya misaada kuingia Rakhine lilipotajwa. Masharti ya mazungumzo hayo yaanzie chini kuliko uraia na juu kuliko idadi ya majina: anayerudi arudi kijijini kwake na si kwenye kambi ya Sittwe, kama ile waliyofungiwa waliohamishwa mwaka 2012, aoe bila kibali, ampeleke mkewe hospitali ya wilaya nyingine bila kupiga picha ya kaya. Asilazimishwe kuchukua kadi ya uhakiki inayomwandika mgeni, kadi ambayo ndiyo hasa iliyoyaacha mabasi ya 2019 matupu. Kazi na shule ndani ya kambi ni jambo jingine kabisa, na hilo Dhaka inaweza kuliruhusu hata kesho bila kuiomba Naypyidaw, serikali ya Myanmar, wala Jeshi la Arakan.