Liemba ikirudi, tutapandia wapi?
Kuna mwandishi aliyeandika kwamba MV Liemba, meli kongwe ya abiria ya ziwani, ikimaliza ukarabati, shida ya usafiri katika mwambao wa Ziwa Tanganyika itakuwa imekwisha. Hapo sikubaliani naye. Meli hiyo iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 na kuopolewa 1924, naitakia maisha marefu, lakini adha yetu kubwa ni mahali pa kupandia. Vituo vingi kati ya Kigoma na Kasanga kwa miaka mingi havikuwa na gati. Meli ilikuwa inasimama mbali na ufuko, inapiga honi, boti na mitumbwi inakwenda mbio kugombea ubavu wake. Nimeona kwa macho yangu, usiku, mama mwenye mtoto mgongoni akivutwa mkono na mabaharia kwenye mlango wa ubavuni huku boti ikipanda na kushuka na wimbi, nyuma yake magunia ya dagaa na madumu ya mawese yakirushwa juu kwa juu. Gunia likidondoka majini, hasara ni ya mwenyewe. Mjamzito anayepelekwa hospitali apandeje pale? Bandari ya Karema imejengwa, tunashukuru kwa dhati, ila ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 650, bandari moja haiwafikii wote. Na gati zijengwe kwa kuzingatia kina, maana maji yalipopanda 2021 hata bandari za Bujumbura (Burundi) na Kalemie (Kongo) ziliumia. Mlioko Ikola na Kirando, siku hizi mnapandia wapi, na nauli ya boti ya kuwafikisha melini anapanga nani?